Nyumba Njema si Mlango: Chumba cha Kipwani katika Vilima vya Nyamira

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutajwa sana madarasani, aghalabu mwanafunzi anapotakiwa kuonya dhidi ya kughilibiwa na sura ya nje ya mtu au ya kitu. Ni nadra mtu kuichukua kama ilivyo, akaingia kweli ndani ya nyumba, akapita sebule na ukumbi hadi chumba cha kulala. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Nyamira, alijikuta akifanya hivyo katika likizo ya Desemba 2023, alipoazimia kukipamba upya chumba cha mama yake kwa mtindo wa visiwani. Kazi aliyodhani ingechukua wiki moja ilichukua zaidi ya mwezi, na alipoimaliza alikuwa amejifunza jambo ambalo miaka yake yote ya kufundisha fasihi haikuwa imempa.

Nyumba yenyewe iko katika kijiji kimoja kisicho mbali na Kebirigo, mahali ambapo mashamba ya chai hushuka kwa mistari hadi vijitoni na migomba huzizingira nyumba. Ilijengwa mwaka 1984 kwa matofali ya kuchoma, ikaezekwa kwa mabati yaliyonunuliwa kwa bonasi ya chai. Chumba cha kulala kilikuwa kimesalia kama kilivyokuwa siku hizo. Nusu ya chini ya kuta ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijani, na nusu ya juu rangi ya maziwa ambayo kwa miaka ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ukutani kulitundikwa kitambaa cha mahameli chenye picha ya swala wawili wakinywa maji mtoni. Palikuwa na kabati lenye kioo kilichopasuka pembeni, sanduku la bati lililotandikwa kitambaa cha kufuma, na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ikang'aa. Mbao za dari zilikuwa na madoa ya maji yenye kingo kama mipaka ya ramani. Katikati kilisimama kitanda kipana cha mkaratusi, kazi ya seremala wa Keroka, mji ulioketi mpakani mwa Kisii na Nyamira.

Baba wa mwalimu alifariki katika chumba hicho mnamo Juni 2002, naye mwalimu akiwa msichana wa Kidato cha Pili. Tangu hapo mama alilala humo peke yake, wala hakuruhusu kitu chochote kusogezwa. Mwalimu alihitimu, akapata kazi, akaweka akiba kidogo kidogo. Nia yake ilikuwa njema: mama aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 70 apate mahali pa kupumzika penye mwanga, pasipomkumbusha mauti kila afumbuapo macho.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mtindo uliochaguliwa ukawa wa visiwani, ilhali Nyamira iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Jibu liko katika elimu ya mwalimu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa bara akasomea Kiswahili hukutana na pwani kitabuni kwanza. Mwalimu huyu alikutana nayo katika Utendi wa Mwana Kupona, utungo wa mnamo mwaka 1858 ambamo mama mgonjwa anamwusia binti yake. Alikutana nayo tena katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo yanatajwa majumba ya Pate pamoja na vidaka vyake vilivyopangwa vyombo vya kaure. Alivipenda vidaka hivyo kabla hajaviona. Alipofika Lamu kwa mara ya kwanza mwaka 2019, baada ya safari ndefu ya basi kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua, alizunguka katika vichochoro vya mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Alijihisi kama mtu anayetembea ndani ya ukurasa aliokwisha kuusoma.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili kutoka bara wataitambua. Katika Ekegusii, mama huitwa “baba” na baba huitwa “tata”. Siku moja chuoni, wenzake walimsikia akizungumza na mama yake kwa simu na kumwita “baba” kila baada ya sentensi. Walicheka, na mmoja wao akamwuliza kama kweli yeye ndiye atakayekwenda kuwafundisha watu Kiswahili. Ulikuwa mzaha wa kawaida wa vijana, lakini ulimkaa moyoni. Kwa miaka mingi alifundisha lugha hii kama mpangaji aishiye kwa hofu ya mwenye nyumba. Chumba cha kipwani nyumbani kwao kingekuwa, kwa namna fulani, hati yake ya umiliki.

Mpango wake ulikuwa huu. Kuta zingepakwa chokaa nyeupe. Ukuta wa upande wa kichwani ungechimbwa vidaka sita. Dari ingefunikwa kwa makuti. Kitanda cha zamani kingeondolewa, na mahali pake pangewekwa kitanda cha nguzo nne chenye nakshi. Sakafuni pangetandikwa mkeka wa ukindu, madirishani mapazia mepesi, na kutoka darini kingening'inia chandarua cheupe cha duara kama shela ya bi harusi. Vitabu vilimpa hamu ya mambo haya, lakini picha alizozifuata hakuzitoa vitabuni. Nyingi alizitoa katika kalenda na majarida ya hoteli za kitalii.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha mila. Wagusii wana kanuni za staha ziitwazo chinsoni, umoja wake ensoni, zinazotenganisha kizazi cha wazazi na cha watoto. Mtoto aliyebaleghe haingii kiholela mahali wanapolala wazazi wake, na hata yale yanayohusu malazi yao hayataji. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji kamusi ili kulielewa neno hilo, maana Kiswahili nacho kina neno “soni” kwa maana ya haya. Mwalimu alikuwa amelivuka pazia la chumba kile mara chache tu tangu utotoni, na karibu zote zilikuwa katika siku tano za mwisho za baba yake. Kumwomba mama ruhusa ya kukipamba chumba kulimchukua likizo mbili. Alipothubutu hatimaye kusema, mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akajibu, “Fanya utakavyo, mwanangu, ilmuradi mvua isininyeshee.”

Kazi ilianza wakati mvua za El Niño za mwaka huo zilikuwa bado hazijaisha. Fundi aliyeitwa kupaka rangi alikuwa mtu mtulivu wa makamo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutilia mpango huo maswali. Chokaa iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta haishiki. Siku ya pili ilianza kubanduka kama ngozi ya nyoka, ikawa lazima kuta zikwanguliwe upya. Walipofika kwenye vidaka, fundi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema, “Mwalimu, ukichimba hapa utatokea jikoni.” Ukuta ule ulikuwa wa tofali moja.

Hapo ndipo mwalimu alipolazimika kurudi kwenye yale aliyoyaona Lamu na kuyatazama upya. Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake hufika nusu mita. Kidaka kinawezekana pale kwa sababu ukuta wenyewe una kina cha kukihifadhi. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na wembamba huo haukuchaguliwa na mpambaji. Uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo upana wake wa kuvuka haukuzidi mita tatu hivi. Dari ziko juu ili joto lipande, madirisha ya nje ni machache, na hewa huingia kupitia uani. Kila kipengele kilichomvutia mgeni kilikuwa jibu la swali ambalo joto, bahari na vifaa vilivyopatikana viliwauliza wenyeji.

Vilima vya Nyamira huuliza maswali mengine. Eneo hili hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na katika mwezi wa Julai usiku huwa wa baridi kali kiasi kwamba mapazia mepesi ni sawa na kutokuwa na pazia. Makuti, ambayo pwani ni paa la kumwaga mvua na kupitisha hewa, yalifungwa chini ya mabati katika nchi ya ukungu. Haikupita wiki mbili yakaanza kunuka uvundo na kudondosha vumbi na vijidudu. Mkeka mzuri wa ukindu ulitandikwa juu ya saruji, na asubuhi ya tatu mwalimu akaukuta uani, mama ameanika wimbi juu yake. Mwalimu alitaka kulia. Baadaye alikumbuka kuwa hata pwani mikeka na majamvi huanikiwa nafaka, na kwamba mama yake, bila kusoma kitabu chochote, alikuwa ameujua mkeka huo kuliko yeye.

Hata vile vilivyoonekana vimepitwa na wakati vilikuwa na sababu zake. Fundi alimweleza mwalimu kuwa rangi ya mafuta hupakwa nusu ya chini ya ukuta kwa kuwa udongo mwekundu wa huku hufuata miguu na mikono ya watu mpaka ndani, na rangi hiyo ndiyo pekee inayooshwa kwa kitambaa chenye maji ikarudi kuwa safi. Mwalimu alikuwa ameishi na ukuta ule tangu kuzaliwa, wala hakuwahi kuuuliza kwa nini una rangi mbili.

Haya yote yalikuwa hasara ya fedha na ya majivuno tu. Jambo zito lilitokea siku kitanda kilipotolewa nje.

Mama alikuwa amekwenda kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Vijana wawili walikifungua kitanda kwa shida, maana skrubu zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu, wakakitoa na kukiunga tena uani ili kisichanganyike vipande. Jirani alikuwa amekwisha kuahidiwa mbao zake kwa ajili ya banda la ng'ombe. Mama aliporudi na kikapu mgongoni, alisimama langoni. Hakupiga kelele wala hakuuliza ni nani aliyetoa amri. Aliweka kikapu chini, akaenda moja kwa moja hadi kitandani, akaketi juu ya mbao tupu mahali alipokuwa akilala, upande wa ukutani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mwalimu alimletea mwavuli, akaukataa.

“Baba,” mwalimu alimwambia kwa Ekegusii, “nitakununulia kingine kizuri zaidi.”

Mama hakujibu hilo. Aliomba aonyeshwe kile kifurushi cheupe kilichotoka Mombasa. Kilipofunguliwa, kile chandarua cha duara kilimwagika magotini mwake, chepesi, chenye ushanga kwenye pindo. Aliingiza kidole katika moja ya matundu yake, kikapita bila kizuizi. “Hapa,” alisema, “mbu anapita na mtoto mgongoni.” Wale vijana walicheka, na yeye pia akatabasamu kidogo. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, “Mwaka ule tungekuwa na chandarua cha kweli, nisingelala peke yangu humo ndani.”

Mwalimu hakuwahi kumsikia mama yake akilitamka jambo hilo. Kwa miaka 21 walikuwa wamesema kwamba mzee alichukuliwa na homa, na mazungumzo yakaishia hapo. Kilichotokea mwaka 2002 hakikuwa siri kwa wataalamu wa afya. Baada ya mvua za masika, kati ya Mei na Julai, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, zikiwemo za Kisii, zilikumbwa na mkurupuko wa malaria. Wenyeji wa vilima hivi walizoea kuiona malaria kama ugonjwa wa watu wa ziwani na wa pwani. Kwa kuwa hawakuupata mara kwa mara, miili yao haikuwa imejenga kinga, hivyo ulipopanda mlimani uliwaua hata watu wazima wenye nguvu. Dawa ya SP iliyotumika wakati huo ilikuwa imekwisha kuzoelewa na vimelea. Serikali ilibadilisha mwongozo wa tiba mwaka 2004, na dawa mseto ya AL ikaanza kutumika kote nchini mwaka 2006. Mwaka huo huo wa 2006 kampeni ya kitaifa iligawa mamilioni ya vyandarua vilivyotiwa dawa kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa nyumba hii ya Kebirigo, msaada wote huo ulifika baada ya kaburi kuota nyasi.

Pale uani, mama akiwa juu ya mbao na mvua ikianza kuongezeka, mwalimu alimkumbuka tena Sayyid Abdalla. Alikuwa ameifundisha Al-Inkishafi mara nyingi, akawaandikia wanafunzi ubaoni maana ya neno “kidaka”, hata akawachorea. Lakini vidaka vya utungo ule havikutajwa kwa ajili ya kusifiwa. Mshairi anavitaja akiwa amesimama mbele ya nyumba ambazo wenyewe wamekufa, na mahali palipopangwa kaure pamekuwa viota vya ndege. Ni utungo wa mtu anayeuonya moyo wake kuhusu mauti. Mwalimu alikuwa ameng'oa pambo kutoka katika shairi la msiba, akataka kulitumia kufuta msiba.

Alikumbuka jambo jingine. Wajuzi wa usanifu wa Lamu, kama vile Usam Ghaidan na James de Vere Allen walioandika katika miaka ya 1970, wameonyesha jinsi nyumba ya Kiswahili inavyopangwa kutoka hadharani kuelekea faraghani. Mgeni huishia dakani na ukumbini, na kadiri mtu anavyozidi kuingia ndivyo anavyohitaji kuwa na udugu zaidi na wenyeji. Ndani kabisa ndiko watoto walikozaliwa, ndiko maiti walikooshwa, na ndiko mjane alikokalia eda. Chumba kile hakikukusudiwa kupigwa picha. Kilikuwa sitara. Laiti mwanamke wa Pate wa karne ya kumi na tisa angeletwa Nyamira na kuelezwa maana ya chinsoni, huenda asingehitaji maelezo marefu. Watu wa vilima na watu wa visiwa walikuwa wamekubaliana juu ya chumba cha kulala kabla ya kuonana. Aliyekwenda kinyume na makubaliano hayo alikuwa mwalimu, kwa kuamini kalenda ya hoteli.

Eda ya pwani ina mwisho wake unaojulikana, miezi minne na siku kumi. Eda ya mama huyu haikuwa imehesabiwa na mtu yeyote. Binti yake alikuwa amekuja kuimaliza kwa ndoo ya chokaa, pasipo kumwuliza amefika siku ya ngapi.

Kitanda hakikwenda kwa jirani. Kilirudishwa ndani jioni hiyo hiyo, kikafutwa kwa matambara makavu, na mama akakilalia. Kesho yake mazungumzo yalianza upya, safari hii mama akiwa ndiye msemaji na mwalimu akiwa mwandishi. Utendi wa Mwana Kupona ulikuwa umerudi mahali pake: mama anausia, binti anasikiliza. Mama hakuwa na uadui na vitu vya pwani. Alitaka tu kila kitu kiseme kinakuja kufanya kazi gani.

Makuti yalikuwa ya kwanza kutolewa, yakapewa kuku. Bati lililokuwa likivuja lilibadilishwa, na mbao za dari zikawekwa mpya. Nusu ya juu ya kuta ilipakwa rangi nyeupe ya maji, na nusu ya chini ikabaki ya mafuta, ila mama alichagua mwenyewe rangi ya buluu iliyokaribia kijani, akisema kuwa kama hiyo ndiyo rangi ya bahari, basi bahari ni nzuri. Kitambaa cha swala kilifuliwa kikarudishwa ukutani. Hakuna aliyethubutu kukitetea wala kukipinga.

Kwa ajili ya vidaka, mwalimu alisafiri hadi Tabaka, kusini-magharibi mwa Kaunti ya Kisii, ambako mawe laini ya Kisii huchimbwa na kuchongwa. Huko wanaume huchonga, na wanawake hulainisha kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Mchongaji mmoja aliitazama picha ya nakshi za Lamu katika simu ya mwalimu, akakubali kuchonga vibao vitatu vya rafu vyenye nakshi hiyo ukingoni. Alipovikabidhi, ilionekana kuwa maua ya Lamu yamepata majani mapana kidogo, yanayofanana na ya mgomba. Alipoulizwa, alisema mkono wake ndivyo unavyojua jani. Vibao hivyo viliegemezwa ukutani juu ya vishikio vya chuma. Mama alipanga juu yake redio, Biblia ya Ekegusii, chupa ya dawa za shinikizo la damu, na kikombe cha bati alichokuwa akinywea mumewe chai.

Mwana wa yule seremala wa Keroka, anayeendeleza kazi ya marehemu babake, aliitwa kukitazama kitanda. Hakubadilisha mifumbati wala vitakizo. Aliongeza nguzo nne za mkaratusi juu ya matendegu na kuziunganisha kwa fito nyembamba juu. Kilikuwa sasa, kwa umbo, ndugu wa mbali wa vitanda vya nguzo vya pwani. Juu ya nguzo hizo kilitundikwa chandarua cha mstatili chenye matundu madogo, kilichotiwa dawa, cha aina ile ile inayotolewa katika vituo vya afya. Kile cha duara chenye ushanga kilikunjwa na kuwekwa katika sanduku la bati.

Pazia la mlangoni lilikuwa la mwisho. Mwalimu alikuwa ameleta kitambaa cha bei kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, lakini mama alitoa leso mbili kuukuu kutoka sandukuni. Moja ndiyo aliyombebea mwalimu mgongoni alipokuwa mchanga. Nyingine ilimfunika mumewe katika siku zile tano. Mwalimu alizishika, akasoma majina yaliyoandikwa juu yake, yote kwa Kiswahili sanifu cha pwani, na kwa mara ya kwanza akatambua kuwa pwani haikuwa imengoja yeye asomee shahada ndipo ifike nyumbani kwao. Ilikuwa humo tangu kabla hajazaliwa. Iliingia kupitia sokoni, ikajifunga kiunoni mwa mama, ikabeba watoto, ikafunika wagonjwa. Hakuna aliyeiita mtindo kwa sababu ilikuwa kazini.

Na Kiswahili chenyewe kilipanda vilima hivi kwa njia hiyo hiyo. Hakikuja kama pambo la kutundikwa ukutani. Kilikuja na wafanyabiashara, kikatumika katika masoko kama Daraja Mbili mjini Kisii, katika makanisa, mashuleni, na kwenye vituo vya chai ambako mizani hubishaniwa kila asubuhi. Kimekaa kwa sababu kilipewa kazi, na katika kuifanya kazi hiyo kimepata majani mapana ya mgomba pembezoni mwake. Anayekitumia hivyo hahitaji hati ya umiliki. Mwanamke anayemwita mamake “baba” nyumbani na kufundisha ngeli darasani si mpangaji katika lugha hii. Yeye ni mmoja wa wajenzi, ilmuradi ajue ni ukuta upi unaoweza kuchimbwa kidaka na ni upi utakaomtoa jikoni.

Mvua za masika ya mwaka 2024 zilikuwa kubwa kupita kiasi, na baada yake ukaja Juni, mwezi ambao familia hii huuhesabu kwa namna yake. Mama alilala chini ya chandarua, blanketi mbili juu yake, dirisha limefungwa. Hakuna mtalii ambaye angekiita chumba hicho cha visiwani. Mwalimu aliporudi kwa likizo ya Agosti, alifika mbele ya leso zile mbili mlangoni, akasimama. Angeweza kuingia, maana chumba alikijua sasa tofali kwa tofali. Lakini ensoni ni ensoni, na nyumba njema hufunguliwa na mwenyewe.

“Hodi,” alisema.

Sauti ya mama ikatoka ndani, nayo ikajibu kwa Kiswahili, “Karibu.”